Mgeni Aliyevuka Siku ya Tatu: Kuielewa Misheni ya Kikristo kwa Mabedui

Kila baada ya muda ujumbe wa aina moja hurudi kwenye magrupu ya WhatsApp. Picha ya jangwa, hema jeusi, mzee aliyejifunga kilemba chekundu, na chini yake maneno mazito: Mabedui kwa maelfu wameokoka. Kwenye grupu la kwaya hujibiwa kwa "Amina" themanini. Mtu akiupeleka kwenye grupu la mtaa, mambo hugeuka: si mnaona, wanawanunua masikini kwa vidonge na unga! Mimi nimo katika magrupu yote mawili, na nimechoka kumjibu mtu mmoja mmoja. Haya ni majibu ya pamoja.

Tuanze na maneno, maana nusu ya ugomvi imo humo.

Bedui, kwa Kiarabu badawi, ni mtu wa badia, yaani ile nyika kavu iliyo nje ya miji na mashamba. Bedui si kabila. Ni namna ya kuishi iliyobeba makabila mengi: Bani Sakhr na Bani Hassan huko Jordan, Muzeina na Jabaliya katika Sinai, Awamir na Manasir upande wa Ghuba. Ni kama kusema "wafugaji" hapa kwetu. Ndani yake wamo Wamasai, Wabarbaig na Waturkana, na jaribu kumwita mmoja kwa jina la mwenzake uone. Kiswahili kililipokea neno lenyewe likiwa na doa, ndiyo maana mtu asiye na adabu huitwa bedui. Halafu tuna "ustaarabu", ambao asili yake ni kufuata mwenendo wa Waarabu. Basi Bedui, anayejihesabu kuwa Mwarabu halisi kuliko Waarabu wote, katika lugha yetu ndiye kielelezo cha asiyestaarabika. Nadhani dharau hiyo ilikuja na jahazi kutoka kwa watu wa mijini wa huko huko Uarabuni.

Misheni nayo ina sura mbili. Ya kwanza ni tendo: kanisa linamtuma mtu kwenda kutangaza imani mahali pengine. Ya pili ni mahali: "alizaliwa misheni", "ampeleke misheni akapigwe picha ya kifua". (Kuna pia mishentauni, lakini hao si wa leo.) Mtu mmoja anaposema misheni akimaanisha mahubiri, na mwingine akisikia hospitali, watabishana mpaka asubuhi.

Waarabu wenyewe wana maneno mawili ambayo sisi tunaweza kuyaelewa bila kamusi. Tabshir ni kupeleka habari njema. Ni jamaa ya "bishara" yetu. Tansir ni kumfanya mtu kuwa Mnasara, yaani Mkristo. Mmisionari atakuambia anafanya tabshir. Jirani asiyempenda atasema hiyo ni tansir. Kazi ni ile ile, na huyo huyo anaweza kuitwa kwa majina yote mawili siku moja, kutegemea nani kakaa barazani.

Na "muda mrefu" je? Hapa simaanishi vijana wanaokwenda wiki mbili, wakagawa blanketi, wakapiga picha na ngamia na kurudi. Namaanisha watu waliojifunza Kiarabu cha hemani, wakakaa miaka ishirini, thelathini, na wengine kuzikwa huko huko. Ndio walioacha alama, na ndio wasioeleweka zaidi.

Ngamia, hema na mambo yaliyopitwa

Picha ya Bedui anayehama kila mwezi juu ya ngamia ni ya babu yake. Jordan, Israel, Misri na nchi za Ghuba zimetumia karne nzima kuwafanya Mabedui wakae mahali pamoja: kwa mipaka iliyokata njia za malisho, kwa mishahara ya jeshi, kwa shule, kwa visima. Leo wengi wanaishi katika nyumba za matofali, na gari aina ya pikapu limechukua kazi ya ngamia. Kondoo na mbuzi ndio mali. Katika jangwa la Negev, mji wa Rahat ulianzishwa mapema miaka ya 1970 ili kuwakusanya, na pembeni yake vipo vijiji ambavyo serikali ya Israel haivitambui, havina umeme wa gridi wala maji ya bomba ya uhakika. Kwa hiyo tukisema "Mabedui wa vijijini" siku hizi, mara nyingi tunasema watu waliokwisha kutulia, walio mbali na huduma, ambao bado wanaishi kwa sheria ya ukoo.

Sheria hiyo ndiyo ufunguo. Sisi tuna methali: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bedui naye ana hesabu ya siku tatu, ila anaihesabu kwa upande wa mwenyeji: kwa siku tatu mgeni hulishwa, hulindwa na haulizwi ametoka wapi wala anataka nini. Akiwa na adui nyuma yake, mwenye hema atasimama mlangoni kwa niaba yake. Zikiisha siku hizo, swali huwa halali: una shida gani nasi?

Mmisionari wa muda mrefu ni mgeni aliyevuka siku ya tatu. Alipoulizwa jembe lake liko wapi, akaonyesha sindano. Ukilishika hilo, mengi yaliyobaki yanaelezeka.

Je, Ukristo ni mgeni jangwani?

Hili ni kosa linalofanywa na pande zote mbili. Mwenye kuunga mkono hudhani Mabedui hawakuwahi kusikia. Mwenye kupinga hudhani Ukristo ulifika na Mzungu na bunduki. Kwenye miaka ya 370, malkia wa Waarabu aliyeitwa Mavia aliwashinda askari wa Roma, na moja ya masharti yake ya amani ilikuwa kwamba mtawa Mwarabu, Musa, awe askofu wa watu wake. Karne iliyofuata alikuwapo mkuu wa ukoo, Aspebet, ambaye mwanawe aliponywa na mtawa Euthymius katika jangwa la Yudea. Akabatizwa kwa jina la Petro, akawa askofu wa watu wanaokaa mahemani, na mwaka 431 aliketi kwenye Mtaguso wa Efeso pamoja na maaskofu wa miji mikubwa. Uislamu ulikuwa bado miaka mia mbili mbele.

Koo nyingine hazikuacha imani hiyo kamwe. Mwaka 1880 koo tatu za Kikristo zilihama kutoka Karak, kusini mwa Jordan ya leo, zikaenda kuishi kwenye magofu ya Madaba. Walipokuwa wakijenga kanisa lao ndipo ilipoonekana ile ramani maarufu ya vijiwe vya rangi inayoonyesha Yerusalemu ya karne ya sita. Watu hao walikuwa na mahema, mifugo na visasi vya ukoo kama majirani zao Waislamu. Walitofautiana kwa sala tu.

Kuna mfano mmoja ninaoupenda zaidi. Chini ya Mlima Sinai ipo monasteri ya Mtakatifu Katarina, iliyojengwa kwa amri ya Kaisari Justinian katika karne ya sita. Kabila la Jabaliya linaloishi kuizunguka, na jina lao ni hilo hilo jabali letu, linasimulia kwamba wahenga wao waliletwa na Justinian kuilinda. Baadaye wakawa Waislamu. Hawakuondoka. Mpaka leo wanafanya kazi kwenye bustani na majengo ya watawa, na ndani ya kuta za monasteri mna msikiti uliowekwa zamani za watawala wa Kifatimi. Watawa wanahifadhi nakala ya hati ya ulinzi inayonasibishwa na Mtume Muhammad. Wanahistoria wanabishana juu ya hati hiyo, lakini Mabedui wa pale hawakuwahi kungoja ubishi uishe ndipo waiheshimu. Karne kumi na nne za ujirani, na hakuna aliyemmaliza mwenzake.

Mafraq: ugonjwa unaodai subira

Sasa tuingie wodini, maana hapa ndipo kisa chenyewe kilipo.

Mafraq ni mji wa kaskazini mwa Jordan, karibu na mpaka wa Syria. Jina lake lina maana ya njia panda; ni mzizi ule ule uliotupa "kufarakana". Mwaka 1965 wanawake wawili walianzisha hospitali hapo: Eleanor Soltau, daktari Mmarekani aliyekulia Korea ambako wazazi wake walikuwa wamisionari, na Aileen Coleman, muuguzi kutoka Australia. Waliiita Annoor, yaani Nuru. Kazi yake ilikuwa moja: kifua kikuu, na hasa kifua kikuu cha Mabedui.

Kwa nini kifua kikuu? Fikiria hema la manyoya ya mbuzi wakati wa baridi. Badia hupigwa na upepo mkali, na usiku wa Januari maji huganda. Familia nzima hujikusanya upande mmoja, pazia zimeshushwa, moto unafuka katikati. Vijidudu vya kifua kikuu husafiri kwa hewa, mtu akikohoa, na hupenda sana mahali palipofungwa penye watu wengi. Mmoja akiugua, hema zima limo hatarini. Ongeza maziwa mabichi, ambayo hubeba aina nyingine ya kifua kikuu kutoka kwa mifugo. Ongeza umbali wa daktari. Ongeza na aibu, maana nyumba yenye kifua kikuu binti zake hawaposwi.

Dawa zilikuwapo tangu miaka ya 1940, lakini tatizo lilikuwa muda. Leo matibabu ya kawaida huchukua miezi sita. Miaka ile ya 1960, kabla dawa zenye nguvu zaidi hazijaenea, mgonjwa alihitaji mwaka na zaidi. Na kifua kikuu kina hila: baada ya miezi miwili homa hupungua, mtu hula, hunenepa, hujiona mzima. Bedui mwenye kondoo mia na mvua imenyesha upande wa mashariki hawezi kuambiwa alale kitandani miezi kumi mingine. Anaondoka. Vijidudu vilivyobaki ndivyo vigumu, navyo hurudi vikiwa vimezoea dawa. Aliyewahi kupambana na kunguni anaelewa bila kufundishwa: ukipuliza dawa kitanda kimoja ukaacha godoro la pili, mwezi ujao unao tena, na safari hii dawa ile ile wanaicheka.

Ndiyo sababu pakajengwa sanatoria badala ya zahanati. Kwa Watanzania si jambo geni. Kibong'oto, kule Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kwa fikra hiyo hiyo, mgonjwa akae mpaka apone. Sanatoria ni hospitali ambamo mtu huishi. Anafika mgonjwa na kuondoka jamaa. Kwa miezi mingi wauguzi wanajua jina la mama yake, la farasi wake na la yule binamu anayemdai. Akirudi nyumbani, wafanyakazi wa hospitali humfuata kwa gari mpaka hemani kuhakikisha anameza dawa na kuwapima waliolala naye. Wakifika, mwenyeji hutwanga kahawa. Huwezi kukataa kahawa ya Bedui, wala huwezi kuinywa ukaondoka papo hapo.

Watu wakiniuliza "walitumia mbinu gani?" jibu langu huwaudhi: walitumia ugonjwa usioharakishika. Kama wangechagua kung'oa meno, mahusiano yangekwisha jino likitoka.

Wala hawakuficha walikuwa nani. Wagonjwa walijua kwamba wahudumu ni Wakristo na kwamba watasimuliwa habari za Isa bin Maryamu kutoka katika Injili. Kwa Bedui hadithi zenyewe hazikuwa za ajabu. Ibrahimu aliyekaa mlangoni pa hema lake wakati wa jua kali, akawakimbilia wageni watatu na kuwachinjia ndama, ni mtu anayemfahamu kuliko anavyofahamika kwenye ibada za Nairobi. Hadithi za visima, wachungaji na ndugu wanaogombea urithi ni habari za nyumbani kwake. Wengi walisikiliza, wakashukuru, wakaenda kuswali.

Hospitali ilipitia vita vya 1967 kati ya Israel na majirani zake Waarabu, na mapigano ya Septemba 1970 kati ya jeshi la Jordan na wapiganaji wa Kipalestina. Mwaka 2012 kambi ya wakimbizi wa Syria ya Zaatari ilifunguliwa katika mkoa huo huo wa Mafraq, na kifua kikuu, kama kawaida yake, hufuata watu waliobanana. Njia panda ikapata wageni wapya.

Kwa nini wanawake

Hili hupitwa haraka, nami sitalipita. Katika hema, upande wa wanawake mwanamume wa nje haingii. Daktari mwanamume angeweza kutibu nusu tu ya kabila. Daktari mwanamke aliingia pande zote mbili: upande wa wanaume kwa heshima ya taaluma na ugeni, upande wa wanawake kwa jinsia yake. Lile lililoonekana makwao kama upungufu, mwanamke asiyeolewa, asiye na watoto, jangwani lilimpa njia ambayo askofu hakuwa nayo.

Watu wa Al Ain, mji wa oasisi (penye chemchemi jangwani) ulio ndani ya Abu Dhabi, wanalijua hilo. Mwaka 1960, kabla Abu Dhabi haijauza pipa lake la kwanza la mafuta, Sheikh Zayed, mtawala wa pale, alitaka daktari kwa watu wa oasisi yake. Walikuja mume na mke, Pat na Marian Kennedy, wote madaktari, Wamarekani, waliotumwa na shirika la misheni. Sheikh akawapa nyumba yake ya wageni iliyojengwa kwa matofali ya udongo. Ndiyo, nyumba ya wageni. Wanawake waliokuwa wakifa kwenye uzazi wakaanza kuletwa kwa Marian. Mwaka 1961 alizaliwa hapo mtoto wa Sheikh Zayed aitwaye Mohamed, ambaye leo ni Rais wa Umoja wa Falme za Kiarabu.

Kisa cha Muscat, kwa sababu kinatuhusu

Misheni ya Uarabuni ya Kanisa la Reformed la Marekani ilianzishwa mwaka 1889, ikafungua vituo Basra, Bahrain na Muscat. Lengo lao walilitamka wazi: kuingia ndani kabisa ya bara Arabu. Maneno yao ya wakati ule yalijaa vita na kuteka, na mtu akiyasoma leo anakunja uso. Mimi pia. Waingereza walikuwa wametanda Ghuba yote, na Mwarabu aliyemwona mhubiri chini ya kivuli cha manowari alikuwa na haki ya kuuliza ni nani kamtuma.

Mwaka 1896, watoto wa kiume kumi na wanane wa Kiafrika waliookolewa kwenye jahazi za watumwa walikabidhiwa kwa mmisionari kijana huko Muscat, Peter Zwemer, akawafungulia shule. Wajomba zetu hao. Hakuwa amekuja kwa ajili yao. Alikuja kwa Waarabu wa bara. Lakini waliofika mlangoni ni wao. Miaka miwili baadaye alifariki kwa maradhi, naye hata miaka thelathini na mitano hakuifikisha.

Ile misheni ilibatiza watu wachache mno kwa zaidi ya miaka themanini. Hospitali zake ndizo zilizopokelewa. Ibn Saud, kabla hajawa mfalme wa Saudia, alimwalika daktari wao Paul Harrison aende Riyadh kutibu mwaka 1917. Huko Oman hospitali yao ya Muttrah ilikuwa karibu ya pekee katika nchi nzima mpaka Sultan Qaboos aliposhika madaraka mwaka 1970. Baadaye ikaingizwa kwenye wizara ya afya, na mwaka 1973 misheni yenyewe ikafungwa rasmi. Wazee wa Kiomani waliorudi kutoka Unguja baada ya 1964 wanaikumbuka hospitali hiyo. Walizoea kuona watawa na madaktari wa misheni huku, wakakuta wengine kule.

"Akifa, nani atamwosha?"

Turudi kwenye ujumbe wa WhatsApp. Kwa nini namba za maelfu ni za kutiliwa shaka?

Kwanza kuna sheria. Jordan inalinda ibada za makanisa yake, na Wakristo wa huko ni wa kale kuliko dola lenyewe. Lakini mambo ya ndoa, urithi na malezi ya watoto huenda kwenye mahakama za dini, na Mwislamu anayebatizwa bado huhesabiwa Mwislamu mbele ya mahakama ya Sharia. Mtu akimshtaki kwa kuritadi, anaweza kutenguliwa ndoa, kunyimwa urithi na kunyang'anywa watoto. Kuwahubiria Waislamu ili wabadili dini hakuruhusiwi. Mgeni akivuka mstari huo, visa yake haiongezwi.

Pili, na zito zaidi, ni ukoo. Sisi wa miji mikubwa tumezoea kudhani dini ni uamuzi wa mtu na nafsi yake. Nenda kijiji chochote cha pwani uulize: fulani akitoka katika dini, akifa, nani atamwosha? Nani ataingia kaburini kumpokea? Mwanawe ataozwa na nani? Kwa Bedui swali hilo ni mara kumi. Ukoo ndio bima, polisi, benki na mahakama. Mtu akigombana na kabila jingine, wanaume wa damu yake ndio wanaolipa fidia. Anayetoka anapoteza Ijumaa yake pamoja na paa lililo juu ya kichwa chake. Wapo waliobatizwa, nao kwa kawaida hukaa kimya, na wanaowapenda hawaweki sura zao mtandaoni. Kwa hiyo ukiona uso wa Bedui chini ya maneno "ameokoka", ama si kweli, ama aliyeusambaza hajali maisha ya huyo mzee.

Sasa shutuma ya pili: dawa ni chambo. Siwezi kuipuuza, maana Afrika Mashariki tuna kidonda chake. Wakati wa ukoloni shule nyingi zilikuwa mikononi mwa misheni, na mzazi Mwislamu wa Tanganyika alijua kwamba mwanawe anaweza kuingia darasani akiitwa Juma na kutoka akiitwa Joseph. Wengi wakawazuia watoto wao, na pengo la elimu lililotokea tunalizungumza hadi leo. Anayesikia "hospitali ya misheni kwa Mabedui" anasikia kengele ya shule ile.

Lakini tofauti ipo. Chambo ni chakula chenye ndoana ndani. Mahali ambapo mgonjwa hupewa dawa asikilize asisikilize, akiswali wodini haambiwi aache, na akipona anakwenda zake akiwa Mwislamu kama alivyokuja, ndoana haipo. Pale ambapo unga hugawiwa baada ya mahubiri na foleni ni moja, ipo, hata kama mgawaji ana moyo mzuri. Kazi za aina zote mbili zimefanyika kwa jina la Kristo na kwa jina la dini nyingine. Nionavyo mimi, miaka mingi husaidia kuzitenganisha: ni vigumu kumdanganya jirani kwa miaka thelathini, hasa jirani anayejua kusoma nyayo za mbuzi mmoja kwenye mchanga.

Nisije nikaonekana nauza asali. Sheria ya ugeni haikumlinda kila mtu. Jibla, katika milima ya Yemen, hospitali ya Wabaptisti ilihudumia watu wa vijijini tangu miaka ya 1960. Tarehe 30 Desemba 2002 mtu mwenye bunduki aliingia akawaua wafanyakazi watatu Wamarekani. Wawili kati yao walizikwa pale pale penye hospitali. Kwa upande wa pili, wapo wamisionari walioandikia makanisa ya kwao barua za kuwaonyesha Mabedui kama watu wa gizani wasio na akili, ili sadaka ipande, huku wakinywa kahawa ya hao hao. Hiyo kwa sheria ya hemani ni khiyana.

Na ukipima kazi hii kwa hesabu ya ubatizo tu, utawaita karibu wote walioshindwa. Charles de Foucauld, Mfaransa, aliishi Tamanrasset katika Sahara tangu 1905 miongoni mwa Watuareg, ambao ni wafugaji wa jangwani ingawa si Mabedui. Alitunga kamusi ya lugha yao, akakusanya mashairi yao, akauawa Desemba 1916 bila ya kuacha hata kikundi cha waumini. Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu mwaka 2022. Huenda Roma ina mizani nyingine.

Leo wanafanya nini?

Jembe limebadilika mikononi. Jordan ina wizara ya afya, chanjo na barabara za lami zinazofika mbali badiani. Kifua kikuu kimepungua sana kule, na walio hatarini zaidi ni wakimbizi na wafanyakazi wa kigeni. Ghuba ndiyo imegeuka kabisa: mjukuu wa Bedui aliyebebwa juu ya ngamia kwenda kwa daktari wa misheni anatibiwa leo kwenye jengo la vioo na muuguzi kutoka Kerala, Manila au Nairobi. Ndiyo, baadhi ya wauguzi hao ni dada zetu, wanaoimba nyimbo za Kiswahili Ijumaa asubuhi kwenye kiwanja cha kanisa, kwa kuwa Ijumaa ndiyo siku ambayo Wakristo wengi wa Ghuba wamezoea kusali. Hakuna aliyewatuma kama wamisionari. Wametumwa na ada ya shule ya watoto.

Hospitali ya Al Ain ipo bado, na haifichi asili yake. Kwa miaka mingi iliitwa Oasis. Watu wa pale, jina Kennedy lilipowashinda ulimi, walimwita yule daktari "Kanad". Mwaka 2019 mtoto yule aliyezaliwa humo 1961 aliagiza hospitali ibadilishwe jina, na kibao cha langoni sasa kinasomeka: Hospitali ya Kanad.